Taa ya Birika

Jua lilikuwa limezama punde tu na Kifuniko alikuwa ameshafungua kuba. Jina hilo alipachikwa kazini: kazi yake ni kufungua kifuniko cha kuba, kuielekeza darubini, kisha kufunga. Ndani mlikuwa na giza laini na mngurumo wa mota uliotaka kumbembeleza alale. Kwenye mwanya wa juu mbingu ilikuwa ya zambarau, na nyota zilianza kutokeza moja moja, bila haraka.

Shemeji yake, dada wa mkewe, alikuwa chumba cha pili mbele ya skrini. Yeye ni mtaalamu wa asteroidi, yale mawe yanayozunguka jua. Jiwe lake la leo lilikuwa linashuka magharibi, na likishazama halirudi mpaka yeye awe kikongwe. Alitaka kujua jambo moja: jiwe lile liliwahi kuwa na maji? Mwanga wake ni wa jua, umegonga jiwe ukarudi. Alikuwa ameshapima nyota iliyo pacha wa jua, ili ajue mwanga wa jua tupu ulivyo. Akiuondoa mwanga huo, zinabaki habari za jiwe. Mstari wa mwanga huo kwenye skrini ukibonyea upande wa rangi nyekundu, basi ni udongo uliowahi kulowa.

"Kifuniko, njoo uone."

Mstari haukubonyea. Ulikuwa na kinundu, kimesimama wima.

"Hiki hakijawahi kuonekana," alisema taratibu, kama anaota. "Jiwe linawaka lenyewe, shemeji."

Kifuniko alikitazama, akageuka kuangalia mlango wa kuba. Soketi ya chumbani ilikuwa imekufa, shemeji mtu anatetemeka kwa baridi, basi yeye akachomeka birika la umeme ndani ya kuba. Lina taa ndogo nyekundu.

Anyamaze? Furaha ile aliiona mara ya mwisho harusini kwake, shemeji alipocheza mpaka kiatu kikavunjika. Lakini shemeji akikitangaza kinundu hicho, watu watamcheka mpaka astaafu. Na jiwe linashuka.

"Shemeji, hiyo ni chai."

"Nini?"

"Birika. Liko chini ya darubini, linawaka."

Alimkodolea macho. "Hivi mdogo wangu aliolewa na kitu gani?"

"Na mtu mwenye huruma. Nichomoe, au tugombane kwanza jiwe lizame?"

"Chomoa. Kimbia."

Alikimbia, akajigonga goti, akachomoa. Giza likajifunga vizuri. Akaishusha darubini mpaka ikakaribia ukingo wa kuba, kisha wakangoja, huku mwanga wa mbali ukiingia kidogo kidogo.

Mstari ulipojichora tena, kinundu hakikuwepo. Pale pale palikuwa pamebonyea kidogo, kama mto wa kulalia ambao kichwa kimeinuliwa sasa hivi.

"Maji?" aliuliza Kifuniko.

"Yaliwahi kuwepo. Labda."

"Labda tu?"

"Jiwe limeshazama, shemeji. Hiyo 'labda' ndiyo niliyobaki nayo." Hakuyatoa macho pale palipobonyea. "Haya, lete hiyo chai yako."