Kofi la Jairo Sokoni Tunduma

Lwitiko alikuwa na hasira za karibu. Tunduma nzima ilijua, na genge la Jairo lilimpendea hizo hizo. Sheria za genge hilo, pale mpakani malori yanapopunguza mwendo kuingia Rhodesia, zilijulikana hata na watoto: ukipigwa, rudisha, ukitumwa kuiba, nenda, ukikataa, kavae kanga. Mwingereza na jela yake hawakuwatisha hata kidogo.

Lakini sasa kijana alikuwa amempenda Enesi, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mshenga alikwisha kwenda kwao. Marita, mama wa binti, hakusema ndiyo wala hapana. "Nitamwangalia kwanza," alijibu, na kweli alimwangalia. Kila siku ya soko alikaa nyuma ya ungo wake wa karanga, akamkazia macho Lwitiko bila kupepesa.

Jumamosi hiyo lori lilisimama kando ya soko kupoza injini. Jairo akamnong'oneza Lwitiko, "Kashushe bunda moja la mablanketi. Dereva anakunywa chai."

"Siendi."

"Unasemaje?"

"Siendi, Jairo. Nenda mwenyewe, miguu unayo."

Kofi likalia mpaka mbuzi wa watu wakageuka.

Lwitiko akakunja ngumi, na Mungu ni shahidi, ngumi ile iliitamani pua ya Jairo kuliko mwenye njaa anavyotamani ugali. Akapumua. Akapumua tena. Kisha akaikunjua, akasema, "Haya, umeshapiga. Mkono hauumi?"

"Mwanamke! Mwanamke!" genge likamzomea, na hilo lilimuuma kuliko kofi. Akageuka aondoke zake, akakutana ana kwa ana na Marita.

Mama yule akavuta kanga, akajifunika uso gubigubi, akaruka pembeni ya njia na kujibanza nyuma ya magunia ya viazi, mgongo kwa Lwitiko.

Mgeni angeiona ni dharau. Lakini huku kwetu mama hamkimbii kijana namna ile ila awe mkwewe, maana mkwe hatazamwi usoni. Lwitiko akaelewa, machozi yakamtoka hadharani wala hakuona haya. Wanawake wakapiga vigelegele, karanga zikamwagika, hakuna aliyejali.

Jairo alibaki akijikuna kiganja. "Ndugu yangu," akauliza polepole, "huyo Enesi ana mdogo wake?"