Mechi Tuliyoizima

Nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni, mgongo wangu umewaziba Simba na Yanga wote, mkono uko kwenye swichi. Ofisi nzima ya walimu ilinitazama kwa hasira. Mwalimu Meshack alinung'unika kwamba Waziri wa Nishati sasa amezidi.

Ndivyo walivyoniita tangu shule yetu kule Chemba ilipofungiwa umeme wa jua, nami, mwalimu wa Fizikia, nikakabidhiwa betri. Nilikuwa mkali, sikatai. Nilimnyang'anya matroni pasi, nikapiga marufuku birika la umeme, na hata kazi ya kufuta vumbi kwenye paneli niliipangia zamu. Siku hizi nafundisha Nzuguni, umeme upo, na bado nazunguka nikizima taa za wenzangu. Lile jina nililipenda kimoyomoyo.

Siku hiyo ya Novemba mawingu yalitanda tangu asubuhi. Wakulima walifurahi, mimi niliangalia betri nikakosa raha. Chaji iliyokuwapo ingetosha mechi ama taa za kidato cha nne, siyo vyote, na kesho yake watoto wangu walikuwa na mtihani wa taifa wa Fizikia. Lakini Mwalimu Silvano, mkuu wa shule, alikuwa Yanga wa kufa, na Meshack Simba. Giza lilipoanza kuingia walikuwa wameshavuta viti mbele, mpira umeanza, na nani angemwambia mkuu ainuke?

Ndipo Anitha wa kidato cha nne akabisha hodi. Mada ya umeme ilimtoa jasho mwaka mzima, na ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kumwingia.

"Shikamooni walimu. Madam, leo taa zetu zitawaka mpaka saa ngapi?"

Nilikwenda nikasimama pale mbele ya televisheni. Niliogopa kwelikweli, ila nilimtazama mkuu usoni.

"Mkuu, naomba nizime."

Akamwangalia Anitha mlangoni. Kisha akasema nizime.

Tulitoka barazani, Meshack amenuna. Darasani taa ziliwaka, vichwa vimeinamia madaftari, na mimi nilijisikia raha ambayo sijaisahau. Mara kelele kubwa ikapanda kutoka kibanda umiza cha kuonyeshea mpira pale sokoni, ambako nguzo za umeme zilikuwa zimeshafika. Goli. Vichwa viliinuka, vikainama tena.

"Sasa nani kafunga?" Meshack akauliza kwa uchungu.

"Sisi," akasema mkuu, akiangalia dirisha la darasa.