Pua ya Mjomba

Mjomba wangu alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha sabuni, na kazi yenyewe ilikuwa kunusa. Pipa la mafuta likiletwa, walimwita kwanza aje aliinamie. Akisema limevunda, lilirudishwa lilikotoka, hata karatasi zake zikisema ni zima. Wenzake wakampa jina la Pua, akastaafu nalo. Mtaani hakuna aliyemjua kwa jina lingine.

Mkaza mjomba alipofariki, mama alinituma nikakae na kaka yake, nimpikie, nimfulie, na nyumba isikae kimya mno. Nilimkuta na shughuli moja tu iliyomtoa kitandani asubuhi, nayo ni divai. Nyuma ya jiko kulikuwa na stoo ndogo. Humo aliweka ndoo nyeupe yenye mfuniko, mpira mwembamba, na chupa kubwa ya kioo yenye tumbo la kumeza lita ishirini. Zabibu zenyewe hatukuwa nazo, alitumia juisi yake. Ilitoka ng'ambo katika dumu la buluu, nzito kama asali, nyeusi kama wino, na maandishi ya dumu hakuna aliyeweza kuyasoma, hata muuzaji. Mjomba alisema maandishi ni ya watu wasio na pua.

Alinifundisha polepole, na mimi sina haraka. Kwanza kila chombo kisuuzwe kwa maji yaliyochemka, maana divai ni kama mtoto mchanga, haipokelewi kwa mikono michafu. Juisi inachanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, hamira inanyunyizwa juu, ndoo inafunikwa. Siku ya pili ukitega sikio unaisikia inanong'ona. Baada ya siku kumi inahamishiwa kwenye chupa kubwa, na mdomoni kinatiwa kizibo chenye kijibomba kilichopinda, ndani yake maji kidogo. Hewa ya divai inatoka ikibubujika kwenye maji hayo, lakini ya nje haipati njia ya kuingia.

"Hayo maji ndiyo mlinzi wa mlango," aliniambia. "Mlinzi akilala, mwizi anaingia. Na mwizi wa divai ni hewa."

Halafu unasubiri miezi mitatu bila kuionja. Nilimuuliza utajuaje basi kama inakwenda vizuri. Akasema mwenye pua haonji. Anayeonja kila siku si mtengenezaji, huyo ni mteja.

Matata yalianza na sufuria ya maharage, divai ikiwa na wiki ya tano. Nilikuwa nimetoka sokoni, nikakuta moshi unatoka mlangoni kabla sijaingia. Mjomba alikuwa sebuleni, hatua sita kutoka jikoni, miwani puani, anafungua redio yake mbovu. Maharage yamekuwa mkaa naye hana habari. Bahati mbaya mwanawe alikuwa nyuma yangu, amekuja kumjulia hali. Huyu namwita Kaka. Ni fundi wa lifti, anakaa ghorofa ya tisa upande wa pili wa mji, na ni mtu mwema, ila wema wake una mbio.

Alifungua madirisha yote. Kisha akanivuta pembeni akaniambia kichwa cha baba kinamtoka. Mwezi uliopita alikuta gesi imeachwa wazi, leo hii. Divai ikifika miezi mitatu, yaani Jumapili ya mwisho wa mwezi ule mwingine, atakuja na pikapu amchukue akakae naye, nyumba ipangishwe, mimi nirudi kwa mama.

Masikio ya Mjomba yalikuwa mazima. Alijibu kutoka sebuleni kwamba mtu ambaye kichwa kimemtoka hawezi kutengeneza divai. Waifungue pamoja Jumapili hiyo. Ikiwa nzuri, asisikie tena habari ya pikapu. Ikiwa mbaya, atalibeba godoro lake mwenyewe hadi garini. Kaka akakubali, nadhani kwa sababu alikuwa amechoka kubishana.

Mimi niliona si kichwa, ila sikujua ni nini. Mwanzo wa mwaka Mjomba aliugua mafua makali, akalala wiki mbili. Tangu hapo nilimwona akivaa shati lililovunda kwa kukosa jua, yeye aliyekuwa akirudisha shuka nikiisuuza vibaya. Maziwa yakichacha aliyamimina kwenye chai, halafu ananitazama. Mezani hakugusa chakula mpaka mimi nifunue bakuli, na hapo napo ananitazama. Nikadhani ni heshima ya kumsubiri aliyepika.

Wiki ya sita aliniita stoo. Akang'oa kizibo, akaniambia niiname ninuse, nijifunze. Niliinama. Harufu ya zabibu ilikuwepo, lakini nyuma yake kulikuwa na ukali mwembamba uliochoma ndani ya pua. Sasa, mama yangu alitulea kwa fimbo moja: cha mkubwa hakikunjiwi uso. Basi niliuweka uso wangu laini kama sahani. Nikaona pia maji ya kijibomba yamepungua, nikajisemea kwamba bila shaka ameyaona. Mimi ni nani nimfundishe Pua kunusa? Mjomba alinitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kuridhika, akarudisha kizibo.

Kisha zikaja siku za joto. Mjomba hakufungua tena stoo, alisema divai inataka giza na amani. Jumamosi, siku moja kabla ya Kaka kuja, niliingia kuifuta chupa vumbi. Kijibomba kilikuwa kikavu kabisa, na inzi wale wadogo wa matunda wamejaa mdomoni. Nilipogusa kizibo, ukali ulinipiga mpaka machozi yakatoka. Ilikuwa siki tupu.

Niliketi juu ya dumu la buluu nikafikiri. Maharage, maziwa, na sasa siki: pua yake haikuwa inafanya kazi. Duka la mvinyo halikuwa mbali. Ningeweza kumwaga ile na kujaza ya dukani, Kaka akanywa, akafurahi, na kila mtu akabaki kwake. Lakini gesi je? Siku nikiwa sokoni, nani angemwambia? Nikaiacha chupa ilivyo, nikaenda uani. Mjomba alikuwa anapiga viatu vyake rangi kwa ajili ya kesho.

"Mjomba," nikasema, "divai imekuwa siki."

Brashi haikusimama mara moja. Alimaliza kiatu kile, akakiweka chini.

"Siku ile ulipoinama," akasema, "hukukunja uso."

Hapo nikaelewa macho yale yote ya mezani. Aliniambia tangu yale mafua hasikii harufu ya kitu chochote, wala sabuni, wala moshi. Sandukuni ana kitambaa cha kichwa cha marehemu mkewe. Zamani alikifungua kila jioni, akamsikia yupo. Sasa anakifungua na ni kitambaa.

"Nimekuwa nikinusa kwa uso wako, mwanangu."

Nilitafuta pa kutazama. Uso wangu niliouchunga kwa adabu ndio ulioiharibu divai yake. Nikamwomba radhi, nikasema nilidhani kutokunja uso ndiyo adabu.

"Ni adabu," akasema. "Ila adabu haizimi moto."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Kaka tangu mwanzo, kuliko kuachwa aonekane amerukwa na akili. Akachukua kiatu cha pili. Alisema mtu anayeitwa Pua akitangaza hana pua, kesho watamwita nani?

Jumapili Kaka alikuja na pikapu na makasha ya karatasi yaliyokunjwa, akayaacha nje kwa aibu. Mjomba alikuwa ameketi mezani na viatu vinavyong'aa, glasi tatu mbele yake. Nilitegemea aseme ukweli kabla ya kumimina. Hakusema. Alimimina, rangi ikawa nzuri ajabu, akamsogezea mwanawe.

Kaka akapiga funda. Nililiona likishuka kooni kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Macho yakamjaa maji. Akaiweka glasi mezani taratibu.

"Baba," akasema, "hii umeiweza. Nzuri sana."

Na alisema kwa mapenzi. Alikuwa amekuja kumchukua, ushindi uko mkononi, akautupa ili mzee asiaibike mbele yangu.

Mjomba alinigeukia mimi. "Na wewe?"

Nikanywa. Safari hii uso niliuachilia uende unakotaka. Ulikunjika wote, jicho moja likafumba lenyewe, mabega yakapanda mpaka masikioni.

"Siki, Mjomba. Ya kulowekea vitunguu."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamwambia mwanawe kila kitu, mafua, maharage, gesi, pua iliyokufa na kichwa kilicho kizima. Kaka alisikiliza ameshika glasi ile kama ameshikishwa kitu cha mtu.

"Nikija kwako," Mjomba akamalizia, "maziwa yakichacha utaniambia ni matamu."

"Nilitaka usiumie, baba."

"Najua. Ndiyo maana nakuogopa."

Halafu Mjomba akasimama, akaingia chumbani. Ahadi ni ahadi, na divai ilikuwa mbaya. Alitoka ameviringisha godoro, amelikumbatia, haoni anakokwenda. Alifika nalo mlangoni. Kaka akaruka akashika ncha ya pili, mmoja anavuta kwenda nje, mwingine anavuta kwenda ndani. Mimi nilishika glasi zisianguke. Mwishowe Kaka akasema, kwa sauti ndogo, "Baba, rudisha godoro, mgongo wangu unauma." Wakalirudisha pamoja.

Jioni ile Kaka alikagua jiko lote kwa macho ya fundi. Wiki iliyofuata alileta kidude cheupe, akakifunga ukutani juu ya mtungi wa gesi, kinapiga kelele gesi ikivuja. Mjomba alikijaribu mara nne mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Jirani huyo aliondoka na chupa mbili za siki.

Tulinunua dumu jingine. Mjomba alisafisha kila kitu mwenyewe, hakutaka nimsaidie, akachanganya, akanyunyizia hamira. Siku ya tatu akaniita stoo, akafunua ndoo, akarudi nyuma hatua moja ili anione vizuri. Niliinama. Zabibu, hamira, na kitu kingine. Pua ikanikunjika.

"Nini?" akauliza upesi. "Imeharibika?"

"Haijaharibika, Mjomba. Sabuni. Hukusuuza ndoo vizuri."

Akaenda kuchemsha maji.