Televisheni ni Picha

Mkuu wa vipindi alibonyeza rimoti, sauti ya mama yangu ikakatika katikati ya neno. Kwenye kioo kikubwa ukutani midomo yake iliendelea kwenda. Mikono yake ilikata hewa, ikapiga kifua, ikaonyesha mlango.

"Televisheni ni picha," alisema mkuu, akiegemea kiti kilicholalamika. "Hadithi ikishindwa kusimama bila sauti, hiyo ipeleke redioni."

Wasaidizi wake wawili wakaitikia kwa vichwa. Mmoja alishughulikia matangazo ya biashara. Wa pili sikujua hasa kazi yake, ila alikuwa na kipaji cha kucheka mara tu baada ya bosi, kamwe si kabla. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba ndivyo kituo kizima kilivyochagua vipindi: sauti inazimwa, bosi anatazama kioo, wengine wanamtazama bosi. Watu wazima na shahada zao, wanalipwa kwa hilo.

Mama mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu, mkoba mapajani, miguu imebanwa na viatu alivyoazima kwa dada yake.

Tamthilia tuliyomletea ilianzia jikoni kwake, yeye akimenya vitunguu, mimi nikiandika. Ilikuwa habari ya mjane anayefukuzwa na mashemeji zake, na jinsi anavyorudi, sehemu baada ya sehemu, kudai nyumba yake. Nusu ya kwanza ilikuwa kweli tupu. Baba alipofariki, baba zangu wadogo walibadilisha kitasa watu wakiwa bado wanatupa pole. Nusu ya pili niliibuni, kwa sababu Mama hakurudi kudai hata sufuria. Nilitaka arudi, japo kwenye karatasi.

Waigizaji niliowafuata waliacha kupokea simu zangu. "Si nicheze mimi?" akasema Mama. "Nani anayajua maneno hayo kunishinda?" Tukarekodi sebuleni kwa kamera ya kuazima, mara moja tu, maana asingeweza kurudia. Aliwaambia mashemeji yale yote yaliyomkaa rohoni, na rafiki yangu aliyeshika kamera akasahau kabisa kuizima.

Hicho ndicho bosi alichokuwa akikitazama kikiwa bubu. Kwanza alitabasamu. Kisha tumbo likaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Huyu mama ni balaa! Mwone, kama anafukuza nyuki!"

Yule mwenye kipaji akaangua kicheko chake, kwa wakati wake.

"Mmemtoa wapi?" bosi akauliza, huku akimwangalia mama yangu usoni bila kumtambua. Hakungoja jibu. "Tunakichukua. Kichekesho cha familia. Ongezeni shemeji mnene, awe anaangukaanguka. Nawapa nafasi baada ya taarifa ya habari, nchi nzima ikiwa imekaa."

Nafasi hiyo watu huiota maisha yao yote. Mimi pia niliiota.

"Si kichekesho," nikasema. "Washa sauti, tafadhali, umsikie anachosema."

"Ya nini? Nimeshacheka."

Baba zangu wadogo nawadharau mpaka leo, lakini niliona kwamba wao angalau walimsikiliza Mama akilia kabla ya kumfungia mlango. Huyu hata kusikiliza aliona ni usumbufu. Nikainuka, nikachomoa flashi yangu kwenye televisheni, kioo kikawa cheusi. Bosi akanikodolea macho kama mtu aliyenyang'anywa sahani kabla hajashiba.

"Utarudi," akasema. "Wote hurudi."

Sikurudi, na yeye hakupungukiwa na kitu. Siku hizi hualikwa kwenye makongamano kuwafundisha vijana namna ya kusimulia hadithi, nao, masikini, huandika kila linalomtoka. Nilihudhuria moja. Nilitoka kabla ya chai, kwa kuogopa kwamba ningemmwagia.

Siku ile, kwenye korido, Mama alivua viatu vya dada yake akavishika mkononi. Tulisimama kungoja lifti. Nilijua nimeitupa kazi yetu sote wawili, nikasubiri anigombeze.

"Mwanangu," akasema, "kwani pale nilikuwa nachekesha?"

"Hapana, Mama. Hata kidogo."

Akafikiri.

"Maana baba zako wadogo nao walicheka. Siku ile, mlangoni. Ndiyo sababu sikurudi."

Vitunguu vyote vile alivyomenya, hakuwahi kuniambia hilo, nami nilidhani nimeiandika habari yake yote. Nilimshika bega. Lifti ikafika, tukaingia na watu wengine, tukashuka.

Mama yu hai, na bado ni msemaji. Ila akija mgeni, kabla hajaanza kusimulia jambo, huiweka mikono yake chini ya mapaja na kuikalia.