Alhamisi Tatu Ngazini

1.

Funguo kwanza. Kisha dirisha la mashariki, halafu la magharibi, maana ukianza na la magharibi ukungu wa Lukangala huingia wote na kujikalia kama mgeni asiyeaga. Kisha kitambaa juu ya meza. Kisha kalamu mbili. Moja ina kamba, ni ya watoto, kwa sababu kalamu isiyo na kamba haimalizi wiki. Kisha daftari la kuripoti, lifunguliwe kwenye ukurasa wa

"Dada Tuli, yule mtoto wenu jana hakuja. Anaumwa?"

Alikuwa Eda, muuza chai na vitumbua wa getini. Kichwa chake kilikuwa kimejaa dirishani.

"Mtoto yupi?"

"Wa Alhamisi. Anayekaa ngazini."

"Alhamisi hatupo ofisini, Eda. Alhamisi tunakwenda vijijini."

"Najua hampo. Ndiyo maana anakaa ngazini."

Tulinagwe alishika kitambaa bila kufuta kitu.

"Amekaa mara ngapi?"

"Alhamisi tatu. Anafika saa mbili, anaondoka saa sita. Mara moja nilimpa kitumbua, akakataa, akasema asije akaitwa mdomo umejaa. Ana sweta ya kijani, kiwiko kimeshonwa kwa uzi mwekundu."

Sweta hiyo Tulinagwe aliijua.

2.

Msomaji, tuwajue watu kwanza. Kuwalaumu kutakuja kwenyewe.

TIMU YA UANGALIZI WA WATOTO, LUKANGALA
Maafisa watatu. Pikipiki moja. Watoto kumi na wanne.

Tulinagwe Sanga, miaka ishirini na minane, kiongozi wa timu. Ana shahada ya ustawi wa jamii na sauti ndogo. Siku moja aliongoza kikao kizima, na mwishoni Kyando akainua kichwa akauliza, "Bosi, tumeshaanza?"

Oraph Kyando ndiye wa pikipiki. Humtania kila mtu. Watoto humpenda kwa hilo.

Mama Nyagawa amebakiza miaka minne kustaafu. Amewaona viongozi saba wakija na kuondoka, na wote saba aliwaita mwanangu.

Na watoto? Si wafungwa. Mahakama ya Watoto iliwakuta na kosa, ikasema: rudini nyumbani, lakini mtaangaliwa. Kila wiki mtoto anakuja, anaweka sahihi, anaulizwa habari za nyumbani, anarudi. Asipokuja mara tatu bila ruhusa, fomu inakwenda kwa hakimu. Hakimu anaweza kumtoa nyumbani na kumpeleka shule ya maadilisho, miaka miwili, mkoa mwingine.

Mtoto wa kumi na nne ni Lameki Tweve, miaka kumi na mitano. Anaishi na bibi yake. Alikamatwa amebeba paneli ya sola ambayo wanaume wawili waliing'oa kwenye paa la zahanati. Wanaume walikimbia.

Paneli ni nzito.

3.

TANGAZO

Watoto wote walio chini ya uangalizi wanajulishwa kwamba kuanzia tarehe 2 Juni, siku ya kuripoti itakuwa JUMANNE badala ya ALHAMISI. Alhamisi maafisa watakuwa kwenye ziara za majumbani na ofisi itafungwa.

Tangazo hili limetolewa leo, Alhamisi tarehe 28 Mei.

T. Sanga
Kiongozi wa Timu

(Limebandikwa kwenye ubao ulio ndani ya korido. Mlango wa korido una kufuli. Alhamisi kufuli huwa limefungwa.)

4.

Ukurasa wa daftari la kuripoti, Alhamisi tarehe 28 Mei:

Wa 1 hadi wa 13: wamefika. Wameambiwa kwa mdomo juu ya mabadiliko ya siku.
Wa 14: ana ruhusa. Mazishi ya babu yake mdogo.

Ruhusa imeandikwa kwa mwandiko wa mviringo, kwa wino wa bluu. Chini yake kuna maneno ambayo fomu haikuyadai: *Pole sana, Lameki.*

Mwandiko ni wa Tulinagwe.

5.

Daftari linaendelea:

Jumanne tarehe 2 Juni, wa 14: hayupo.

Jumanne tarehe 9 Juni, wa 14: hayupo.

Jumanne tarehe 16 Juni, wa 14:

hayupo.

6.

TAARIFA YA UKIUKAJI WA MASHARTI

Mtoto: Na. 14
Idadi ya siku ambazo hakuripoti: tatu (3)
Je, mtoto alitembelewa nyumbani? Ndiyo, Alhamisi tarehe 11 Juni.
Matokeo ya ziara: Mlango ulikuwa umefungwa. Mtoto hajulikani alipo.
Afisa aliyetembelea: O. Kyando
Pendekezo: Shauri lirudishwe mahakamani.
Imethibitishwa na: T. Sanga

7.

Mimi ni hiyo fomu. Msinitazame hivyo.

Nina visanduku viwili: Ndiyo, Hapana. Alifika Jumanne? Hapana. Alitembelewa? Ndiyo. Kila nilichoulizwa nilijibu kweli tupu. Sina kisanduku cha *alikuja siku ambayo nyinyi mlikwenda kumtafuta kwake*. Anipaye kisanduku ni binadamu.

Yule dada aliponitia sahihi mkono wake ulisita kidogo. Nilifikiri atanigeuza aangalie nyuma. Lakini ilikuwa saa kumi na nusu, na dereva wa mahakama alikuwa anapiga honi nje.

8.

Ijumaa tarehe 26 Juni, siku ileile Eda alipouliza, saa nane mchana. Mahabusu ya watoto. Chumba chenye benchi mbili na dirisha dogo. Polisi walikuwa wamemchukua Lameki Jumatatu, kwenye karakana ya useremala anakojifunza kazi, mbele ya fundi na wanafunzi wenzake, akiwa na randa mkononi.

Aliingia, akaamkia "shikamoo, Madam," akabaki amesimama hadi alipoambiwa akae.

"Lameki, Alhamisi ulikuwa unakuja ofisini?"

"Ndiyo, Madam."

"Zote tatu?"

"Zote, Madam. Ni ile ya ruhusa tu ndiyo sikuja."

"Ulikuta tumefunga."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukumuuliza mtu?"

Alifikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo polisi huliita ujeuri.

"Sharti la pili, Madam."

"Linasemaje?"

Akalisema kwa moyo, kama anayesoma somo kanisani: "Ukifika ofisini, keti ngazini, usizurure, subiri hadi uitwe."

Tulinagwe alikuwa ameliandika sharti hilo mwenyewe, mwaka wake wa kwanza kazini, baada ya watoto wawili kupigana uani.

"Na ulipokamatwa, hukumwambia askari?"

"Nilimwambia nilikwenda. Akasema karatasi inasema sikwenda." Akatazama benchi. "Nikafikiri labda karatasi inajua kitu. Labda kuna mlango mwingine mlikuwa mnaingilia, mimi nimekaa kwenye ngazi zisizo zenyewe."

9.

Hebu simama hapo kidogo, wewe unayesoma. Shika tarehe 11 Juni mkononi.

Saa tatu asubuhi, Kyando yuko kwa bibi yake Lameki anabisha hodi. Bibi yuko shambani, anapalilia viazi. Saa tatu asubuhi hiyohiyo, Lameki yuko ngazini kwa Kyando, amenyoosha miguu, anasubiri.

Katikati yao kilomita tisa. Inawezekana walipishana barabarani, na Kyando, ambaye hana baya na mtoto yeyote, akapiga honi kumwambia asogee pembeni.

10.

Maneno yaliyosikika kupitia ukuta, ofisini, Ijumaa saa kumi na moja. (Aliyesikia ni Eda. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaosha vikombe taratibu.)

"Jirani alikwambia nini, Kyando?"

"Bosi, ni zamani."

"Ni wiki mbili."

"Alisema katoka asubuhi. Kavaa sweta yake ya kanisani."

"Na wewe ukaandika?"

"Hajulikani alipo. Bosi, mimi kweli sikujua alipo."

Kiti kilisogezwa, kisha Kyando tena:

"Sikutanii safari hii. Mkataba wangu unaisha Septemba. Ukisimama Jumatatu ukasema haya, wataniuliza nilikwenda kutafuta mtoto au nilikwenda kutafuta mlango."

"Wataniuliza mimi kwanza."

"Umesemaje? Sauti, bosi."

"Nimesema wataniuliza mimi kwanza."

Kisha Mama Nyagawa, ambaye sauti yake hupita kuta zote:

"Nisikilizeni, wanangu. Hakuna haja ya mtu kuvuliwa nguo. Jumatatu hakimu atakuuliza kama unathibitisha taarifa. Mwambie ofisi inaomba muda wa uchunguzi zaidi. Ataahirisha mwezi mmoja. Tutaandika taarifa mpya, nzuri, mtoto atatoka, na hakuna atakayejua."

"Mwezi mmoja atakaa wapi?"

"Alipo."

"Mama."

"Anakula, analala kitandani. Si jela. Nimewaona waliokaa miezi sita."

"Fundi amesema nafasi yake ataishikilia hadi Jumatano. Na bibi yake hachoti maji, goti limekufa. Anayechota ni yeye."

Eda anasema hata kikombe alichokuwa anaosha alikiacha.

"Basi," Mama Nyagawa akasema, taratibu kidogo. "Mimi nimekwambia njia iliyopo. Sikukwambia kwamba ni nzuri."

11.

Simu kutoka kwa mkuu wa idara, Jumamosi. Upande wa Tulinagwe tu ndio uliosikika:

"Ndiyo, Mkuu."

"Ndiyo."

"Naelewa, Mkuu, ripoti ya robo mwaka."

"Hapana, sijasema tumekosea, nimesema"

"Ndiyo. Ahirisho."

"Nimekusikia, Mkuu."

12.

Jumapili mchana, mezani kwake, karatasi moja.

*Kulijitokeza changamoto ya mawasiliano.*

Akafuta. Changamoto haijitokezi yenyewe kama uyoga.

*Taarifa ya mabadiliko haikumfikia mtoto.*

Akafuta. Taarifa haina miguu.

*Ofisi haikumjulisha mtoto.*

Akaitazama hii kwa muda mrefu. Ilikuwa karibu. Lakini ofisi ni nini? Ni ukuta, mlango na kufuli. Ukuta hauwezi kumtazama bibi mwenye goti bovu usoni.

*Hatukumwambia.*

Aliwaza Kyando na Septemba. Aliwaza ni nani aliyebadilisha siku, ni nani aliyeandika ruhusa na kusahau kwamba anayeruhusiwa kutokuwepo hatasikia yatakayosemwa. Akafuta herufi nne za mwanzo, akaweka mbili.

*Sikumwambia.*

Aliikunja karatasi mara mbili. Kisha akaikunjua, akaisoma kwa sauti, peke yake, jikoni. Sauti yake haikufika hata kwenye mlango wa jikoni.

Akasoma tena.

Tena.

13.

Jumatatu tarehe 29 Juni, saa tatu asubuhi.

Mahakama ya Watoto haifanani na mahakama. Hakimu havai joho. Kuna meza moja ndefu, watu wote wamekaa, mlango umefungwa ili majina yasitoke nje. Upande huu Tulinagwe na Kyando. Upande ule Lameki na bibi yake, ambaye amekuja na sweta ya kijani imefuliwa, imekunjwa mapajani, kwa sababu mtoto amevalishwa shati la mahabusu. Anataka kumvalisha. Hajui kama anaruhusiwa kuuliza.

Hakimu ni mama wa makamo, miwani imeshuka puani. Anasoma fomu kimyakimya. Anaigeuza. Nyuma hakuna kitu.

"Mtoto haripoti wiki tatu. Anatembelewa, hayupo." Anamtazama Lameki. "Mwanangu, tulikubaliana nini mimi na wewe?"

Lameki anafikiri kabla ya kujibu.

"Hana la kusema," hakimu anasema, si kwa ukali, na kushika kalamu. "Bibi, unamweza huyu mtoto?"

"Namweza, Mheshimiwa. Yeye ndiye ananiweza mimi."

Kalamu inasita, kisha inaendelea.

"Afisa. Taarifa hii ni yako?"

"Ni yangu, Mheshimiwa."

"Unaithibitisha?"

Neno linalotakiwa ni moja. Tulinagwe amelisema humu ndani mara nyingi, na kila mara lilitoka laini, bila kumsumbua mtu, kama mlango uliotiwa mafuta. Na lipo lile jingine la Mama Nyagawa, la kuomba muda. Nalo ni laini.

Kyando anaangalia viatu vyake.

Bibi anaikunja sweta ambayo tayari imekunjwa.

"Afisa Sanga, sijakusikia."

"Sijasema, Mheshimiwa."

Anasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Kwenye meza hii watu huongea wakiwa wamekaa. Anapiga moyo konde, anaiacha ile karatasi mezani bila kuifungua, na hamtazami hakimu. Anamtazama mtoto.

"Siithibitishi," anasema, na Kyando anainua kichwa kwa sababu safari hii amesikia, na karani aliye karibu na mlango naye amesikia. "Lameki alikuja. Alikuja Alhamisi zote tatu, akakaa ngazini, akasubiri aitwe kama tulivyomfundisha. Mimi ndiye niliyebadilisha siku. Niliwaambia watoto kumi na watatu, yeye sikumwambia, halafu nikaweka sahihi kwamba amekosa. Mheshimiwa, aliyekiuka masharti si huyu mtoto. Ni mimi."