Jiko Lisilo na Sufuria

Tangu tope la mlima Hanang lizoe nyumba yao ya Gendabi, mumewe Agustino akiwa ndani, Oliva aliishi Katesh kwenye nyumba ya mwanae Emanuel. Emanuel mwenyewe alikuwa kazini Arusha. Majirani walikuwa watu wa maduka. Asubuhi walifunga mageti, jioni wakarudi wamechoka. Kuna siku Oliva alimaliza kutwa nzima bila kumsalimia mtu.

Ndipo akaja Judica, binti wa utafiti. Yeye na wenzake walitaka kujua mji unaokua kama Katesh unateketeza mkaa kiasi gani, na moshi wake unafanya nini hewani. Alifunga kifaa cha kupimia moshi ukutani, akampa Oliva jiko banifu, lile lisilokula mkaa mwingi, na kila Jumatano akawa anakuja na mizani kupima mkaa uliobaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza, chai ipo."

Judica hakuwa na haraka. Aliuliza mvua za zamani zilivyokuwa Gendabi, maharage walipanda lini, kijito gani kilitangulia kukauka. Katikati ya kujibu, Oliva alijikuta anamtaja Agustino kwa sauti. Kwenye simu Emanuel hakutaka hayo. "Mama, tuyaache," alikuwa akisema. Judica aliyasikiliza.

Jumatano moja binti alitazama mizani akatabasamu. "Mama, matumizi yako yameshuka sana! Nyumba zikitulia hivi tunazifunga kwenye utafiti, tunahamia nyingine."

"Na zinazotumia mkaa mwingi?"

"Hizo tunaendelea nazo mpaka tuelewe sababu."

Kesho yake Oliva alilitoa jiko la zamani uvunguni, akalijaza mkaa, akaliwasha. Hakuwa na cha kupika. Aliketi kando yake, macho yakimwasha, akiona aibu, kwa maana mkaa ule ulikuwa miti. Lakini siku iliyofuata aliliwasha tena.

Namba zikapanda. Judica akakuna kichwa. "Una wageni, mama?"

"Wanakuja, wanaondoka," Oliva alijibu, akammiminia chai.

Kisha Ijumaa moja Judica akapita bila taarifa, kubadilisha betri ya kifaa. Alipiga hodi akiwa tayari kwenye mlango wa jikoni. Majiko yote mawili yalikuwa yanawaka, na hapakuwa na sufuria hata moja.

"Mama, unapika nini?"

Oliva alitafuta uongo, akaukosa. "Sipiki kitu. Sikutaka uifunge nyumba."

Judica alijikunja akakaa sakafuni.

"Itabidi niwaambie wenzangu," alisema. "Vipimo vyako havifai tena. Na kifaa nakitoa leo."

"Kitoe, mwanangu. Nisamehe."

Judica alikifungua taratibu, akaacha matundu ya misumari ukutani. Alishakitia kwenye begi aliposema, "Jumapili baada ya misa utakuwepo?"

"Niende wapi?"

Alikuja kweli Jumapili ile, na iliyofuata, wakala ugali na maziwa ya mgando. Baadaye kazi ikampeleka Mbulu, akawa anapiga simu. Oliva humweleza mvua ilivyonyesha, au ilivyokataa, na Judica husikiliza hadi mwisho. Simu ikikatika, Oliva hubaki ameketi jikoni mpaka jiko lipoe.