Nta ya Verna

Jumamosi ya kumi na moja tangu mazishi, Clayton Hudak alifyatua risasi yake ya kwanza ya siku, moshi ukajaa, na mkewe akaja.

Hakuja kwa kishindo. Verna hakuwa mtu wa kishindo hata alipokuwa hai. Alisimama tu ndani ya ule moshi mweupe, amevaa sweta lake la kijani la kuhudumia nyuki, na ukumbi mzima ukanuka asali iliyoungua. Clayton akashusha bastola polepole. Moyo ulimjaa furaha. Furaha ya kijinga, lakini ndiyo pekee aliyobakiwa nayo.

"Haya, garimoshi limeingia!" Joyce Petrusky, nahodha wa klabu ya kulenga shabaha, akapaza sauti kutoka meza ya kahawa. "Clayton, unafyatua risasi au unabanika soseji?"

Watu wakacheka. Ukumbi wao wa shabaha ulikuwa chini ya ardhi, katika jengo la wazima moto wa kujitolea, na feni yake moja ilikuwa kongwe kuliko nusu ya wanachama. Clayton hakucheka. Alikuwa akipima mahali Verna aliposimama. Juma la kwanza alikuwa mwisho kabisa, penye shabaha. Kisha kila Jumamosi akawa anasogea, hatua mbili, hatua tatu, na Clayton alijua anamjia yeye. Leo alikuwa amefika kwenye vizimba vya kufyatulia. Lakini hakuingia kizimba cha Clayton. Alisimama nyuma ya Ollie.

Ollie Yurkanin alikuwa kizimba cha pili, anakohoa. Alichimba makaa ya mawe miaka thelathini na miwili, na vumbi lake lilikuwa bado limo kifuani, halitoki kwa dawa wala kwa sala. Yeye na Clayton walilenga shabaha ubavu kwa ubavu tangu wote wawili wana nywele.

"Ni baruti tu," Ollie alisema, akifuta macho. "Hata hii ni chafu. Nimekuletea mkebe mwingine, wa nne huu. Yule jamaa wa dukani kaapa kwa mama yake kwamba hautoi moshi."

"Ahsante, Ollie."

"Ahsante yako kaa nayo, zee wewe. Unanifukiza kama paja la nguruwe."

Hapa pana aibu, na afadhali isemwe. Haikuwa baruti. Mtu anayejitengenezea risasi zake nyumbani kwa kalibu huzipaka nta kwenye ile mifuo ya kiunoni mwake, zisije zikakwangua mtutu. Kidogo yatosha, kisha kitako cha risasi hufutwa kikauke. Nta ikizidi huungua, na moshi unatoka hapo. Clayton alilijua hilo kama jina lake. Nta yenyewe alikuwa akiipika Verna kutoka mizinga yake mwenyewe, na ni Verna aliyefuta vitako kwa kitambaa, kimoja kimoja, kwenye meza ya jikoni, huku akiimba puani. Alipokufa, Clayton akasahau kufuta. Basi, hilo tu, usahaulifu wa mgane. Akafyatua, moshi ukatanda, Verna akaja.

Tangu siku hiyo alijaza kila mfuo, na vitako akavisiliba nta kama siagi juu ya mkate. Ollie alipomuuliza kama nta imebadilika, Clayton alimtazama machoni akajibu, "Ni ile ile ya miaka yote." Ulikuwa ukweli, na ulikuwa uongo mbaya kuliko wote aliowahi kusema. Na Ollie, maskini, akaenda kununua baruti.

Clayton akainua bastola tena. Afyatue au asifyatue? Alitaka kumwona, ndiyo hivyo. Akafyatua.

Moshi ukapanda, na Verna akanyoosha mkono, akauweka begani kwa Ollie.

Jambo la kwanza Clayton alilohisi lilikuwa wivu. Hata leo analionea haya. Kwa nini yeye, si mimi?

Ollie akajikunyata. "Nani kaacha mlango wazi?" akauliza. "Mbona baridi?" Kisha kikohozi kikamkamata, kikamkunja, hakikumwachia. Midomo ikageuka rangi ya zambarau mbivu.

"Verna!" Clayton akapiga kelele. "Mwache! Mwache huyo!"

Joyce hakuuliza Verna gani. Alipanda ngazi mbio, akarudi na wazima moto wawili na mtungi wa oksijeni, wakamfunika Ollie barakoa pale pale sakafuni.

Baadaye wawili hao walikaa kwenye ngazi za nje, katika jua hafifu la Mei. Clayton akasema yote. Hakujitetea.

Ollie alikuwa ameweka mkono kifuani.

"Mikebe minne," alisema. "Nimeendesha gari hadi Hazleton mara nne. Wewe ni mshenzi, Clayton."

"Najua."

"Mshenzi kweli kweli." Akavuta pumzi, ikapiga mluzi. "Unamwona, lakini?"

"Namwona."

"Yukoje?"

"Mzima. Kavaa lile sweta la kijani."

"Na leo alikuwa wapi?"

Clayton alitamani kudanganya mara moja ya mwisho. "Nyuma yako. Kakushika bega."

Ollie akageuka akatazama nyuma, ngazi tupu, kisha akajifuta mdomo. "Mwambie nampenda sana," alisema, "ila angoje, paa langu sijamaliza kuezeka."

Kesho yake asubuhi Clayton alizichemsha risasi zote ambazo bado hazijatiwa baruti katika sufuria ya Verna. Nta ikaelea juu, ya manjano, jikoni kukanuka asali. Akaketi akingoja. Hakuja mtu. Akazikausha, akazitikisa pamoja na rangi ya unga, nyekundu, ile ishikayo mahali pa nta bila kutoa moshi, ndani ya kopo la aiskrimu, akazipanga kwenye bati na kuzioka katika jiko la Verna. Jiko likishaokewa risasi huingia sumu, halipikiwi tena chakula. Ndimo Verna alimooka mkate wa kokwa za jozi kila Krismasi, miaka arobaini na minne. Clayton alifunga mlango wa jiko kwa mkono wake mwenyewe, akalia pale pale amepiga magoti.

Jumamosi iliyofuata, Ollie alikuja, ingawa daktari alimkataza. Alisimama kizimba chake. "Haya. Nionyeshe hizo peremende zako nyekundu."

Clayton akafyatua. Mlio ule ule, mrusho ule ule mkononi, lakini hewa ilibaki hewa. Ukumbi ulionekana wote, kuanzia kizimba hadi ukutani, kila shabaha, kila taa, kila doa la saruji. Akamaliza risasi zote tano. Akatazama kule mwisho. Akatazama nyuma ya Ollie, taratibu, hadi akaridhika kwamba hapana mtu. Halafu, kwa kuwa yeye ni binadamu, akatazama nyuma yake mwenyewe.

Ollie alikuwa akivuta pumzi ndefu, moja baada ya nyingine, bila kukohoa. Akamgeukia rafiki yake, akamkazia macho.

"We zee," alisema kwa upole, "na moshi haupo, machozi ya nini?"